Gari Nililolikagua Mwenyewe

Niliwaacha wiki iliyopita nikiwa katikati ya mzunguko wa barabara, boneti iko wazi, moshi unanipiga usoni, na magari ya nyuma yanapiga honi kama yamelipwa. Mama mkwe wangu alikuwa kiti cha mbele, mkoba mapajani, anatazama mbele tu kama mtu aliye ndani ya lifti anayesubiri ghorofa yake ifike.

Kwa aliyeikosa sehemu hiyo: mimi ni mkaguzi wa mizani. Nazunguka masoko na maduka na mawe yangu ya kupimia, nakamata wanaouza robo tatu kwa bei ya kilo. Watu wameniita Kilo Kamili mpaka hata mke wangu akikasirika ananitaja hivyo hivyo.

Na mimi huyo huyo nilichukua kiinua mgongo cha mama mkwe, malipo ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga chapa katika ofisi ya ardhi, nikanunulia gari. Figo zake zimechoka. Anatakiwa hospitali mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, akasafishwe damu kwa mashine. Gari lilikuwa la kazi hiyo.

Pale yadi ya magari niliambiwa lina mmiliki mmoja tu, mwalimu mwanamke, mwendo wake wa pole. Nikaambiwa bei ni ya leo. Niliposema nitarudi kesho na fundi, akatokea mwanaume wa kofia nyekundu, bahasha nene mkononi, analitaka gari lile lile. Muuzaji, ambaye anamwita kila mtu shemeji mpaka naye watu wanamwita Shemeji, akanivuta pembeni.

"Naweza kumzuia dakika tano. Zaidi ya hapo usinilaumu."

Nililipa kabla ya dakika ya tatu. Siku ya tisa gari likazimika.

Sasa tuendelee.

Mama mkwe nilimpakia teksi arudi nyumbani. "Usihangaike, mwanangu," akaniambia dirishani. "Chuma ni chuma tu." Gari tukalivuta mpaka gereji.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akasugua oili kati ya vidole viwili.

"Nani kakuuzia hili?"

"Yadi."

"Wameitilia dawa. Ona, nzito kama gundi. Wanaitia ili injini isipige kelele siku ya kuuza. Dawa ikiisha nguvu, injini inaanza kusema ukweli."

"Linatengenezeka?"

Alilalia ubao wake wa magurudumu, akapotelea chini ya gari. Nilikuwa naona miguu yake tu, inachezacheza. Halafu miguu ikatulia. Ikatulia muda mrefu.

"Bosi, vua koti. Njoo ulale hapa."

Nililala. Akamulika tochi. Mstari wa kuchomelea ulipita kwenye sakafu ya gari kutoka upande mmoja hadi mwingine, umepakwa rangi nyeusi juu juu.

"Unaona nini?"

"Kovu."

"Hili si gari moja. Ni mawili. Mbele la huyu, nyuma la yule. Yaligongwa yote mawili, wakakata palipo pazima, wakaunga."

"Lakini limetembea kilometa elfu arobaini tu! Imeandikwa pale!"

"Za nusu ipi?"

Nilibaki nimelala pale chini. Sikuwa na sababu ya kuinuka.

"Mimi sitalitengeneza," akasema, na sasa hakuwa anatania. "Nikutengenezee, umpakie yule mama, likaachana katikati barabarani? Nitamwambia nini Mungu wangu?"

Nilikwenda yadi na mafuta bado mgongoni.

"Shemeji!" Aliniona tangu getini, mikono ameitanua. "Gari linasemaje?"

"Ni vipande viwili."

"Pole sana! Uligonga wapi?"

Hapo nikajua mtu huyu majibu yangu yote anayo kabla sijauliza. Nilimwambia nataka pesa yangu. Hakubisha hata kidogo. Alinipa soda baridi, akanipeleka ofisini kwa mwenye yadi, mwanamke wa makamo wanayemwita Madamu. Ana sauti ndogo, lazima umwinamie ndipo umsikie. Na ukishamwinamia mtu, nusu ya ugomvi umeshashindwa.

Akaniwekea mkataba wangu mezani.

"Soma hapo chini, baba. Kwa sauti."

Herufi zilikuwa kama sisimizi. Nikasoma: "Mnunuzi amelikagua gari mwenyewe na kuridhika."

"Hilo mnamwandikia kila mtu," nikasema. "Mimi si fundi."

"Endelea. Palipoandikwa kazi ya mnunuzi."

Siku ile ya kununua, Shemeji aliniuliza nafanya kazi gani. Nilidhani ni mazungumzo tu, nikamjibu kwa maringo, nikamsimulia na wezi wa sokoni niliowashika. Kumbe alikuwa anaandika. Mbele ya neno Kazi palisomeka: Mkaguzi wa serikali.

"Nenda mahakamani," Madamu akasema polepole. "Hakimu ataona mkaguzi wa serikali amekagua, ameridhika, amesaini. Atauliza nani kamdanganya nani. Na huko ofisini kwenu, mkuu wako atafurahi akisikia?"

Niliiweka soda mezani.

Nilipita kituo cha polisi, msije mkasema sikupita. Askari wa zamu alisoma mkataba, akarudia ile sehemu ya kazi, akamwita mwenzake naye aje asome. Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta.

"Hayo ni ya mahakamani, mzee," akasema akijifuta macho. "Sisi hapa hatupimi."

Nyumbani nilisema gari linasubiri kifaa.

"Kifaa gani?" mke wangu akauliza. Yeye ni mwalimu wa chekechea. Amezoea kusikiliza uongo wa watu wadogo, kwa hiyo wa watu wazima haumpi shida.

"Kifaa cha... cha katikati."

"Cha katikati ya nini?"

"Ya gari."

Aliniangalia, akaendelea kumenya viazi. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia yote. Masikio yake mazuri kuliko figo zake.

Jumanne akaenda hospitali kwa pikipiki. Mwanamke wa miaka sitini na nane, amekaa upande upande, mkono mmoja kwa dereva, mwingine kwenye mkoba. Njiani ikabidi washuke mara mbili kwa sababu alikuwa anatapika. Walipofika, kwenye mashine yake alikuwa amewekwa mgonjwa mwingine. Foleni ilikuwa imejaa. Wakamwambia arudi Ijumaa.

Jioni ile miguu yake ilivimba hata viatu havikutoka. Nilipiga magoti nikavikata kamba kwa mkasi. Ngozi ukiibonyeza, alama ya kidole inabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

Akaniwekea mkono kichwani.

"Gari likipona tutakuwa tunawahi, eti?"

"Ndiyo, mama."

Likipona. Kama vile na lenyewe lilikuwa mgonjwa wa kawaida, na siku moja lingeamka na nafuu.

Jikoni mke wangu akanibana ukutani. "Kuna kitu unanificha."

"Hakuna."

"Baba, mimi sikuulizi pesa. Nakuuliza mama yangu. Ijumaa atakwenda na nini?"

"Gari litakuwa limetoka. Nimeahidiwa."

Niliitoa ahadi hiyo kichwani mwangu papo hapo, na nilipokuwa naitoa niliiamini.

Alhamisi asubuhi nilipiga simu kazini, nikasema naumwa. Nikaenda yadi. Sikwenda kudai. Nilikwenda kuomba. Nilimpigia Madamu magoti pale pale kwenye zulia lake, mimi ninayeingia maduka ya watu na wenye maduka wakasimama.

"Hata nusu, Madamu. Nirudishie hata nusu, nimpangie mgonjwa teksi."

"Inuka, baba. Utachafua suruali." Alisubiri niinuke. "Pesa yako utaipata yote. Lakini na wewe nisaidie. Una sura ya mtu mwaminifu. Sura hiyo mimi sina pa kuinunua."

"Nikusaidie nini?"

"Kukaa tu. Akija mteja, gari analolitaka yeye na wewe unalitaka. Basi. Mara tatu. Ya tatu ikipita, unaondoka na pesa yako taslimu."

Nilielewa palepale. Nilielewa kofia nyekundu ilikuwa nani na bahasha nene ilikuwa na nini ndani.

Ninyi mnaosoma mmeshanitukana, najua. Nami ningetukana. Lakini ninyi hamkuikata ile kamba ya kiatu.

"Lini?" nikauliza.

"Kuna mteja anakuja saa nane leo."

Alikuja saa nane kasoro. Mwanamke mnene, mchangamfu, viatu vyeupe vya kazi, begi jeusi begani. Mkunga. Shemeji alimzungusha magari mawili matatu ya bei kubwa ili amtishe kidogo, kisha akamfikisha kwenye dogo la bluu.

"Hili lilikuwa na mmiliki mmoja tu, shemeji. Mwalimu mwanamke. Mwendo wake wa pole."

Huyo mwalimu ana magari mangapi, nikajiuliza.

Mkunga alizunguka, akafungua milango, akaifunga. "Nimelipenda. Jumamosi nitakuja na fundi wangu aliangalie."

Shemeji akajikuna sikio. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Nikatoka nyuma ya gari jeupe na bahasha yangu, ndani vipande vya magazeti ya zamani. Miguu ilikuwa inakwenda, mimi nilikuwa nimebaki kule nyuma.

"Lile la bluu bado lipo?"

Mkunga akageuka. Akanitazama, akakunja uso, halafu uso wote ukafunguka.

"Wewe si Kilo Kamili?"

Nikaibana bahasha kwapani.

"Ndiye! Wewe ndiye uliyemshika yule muuza sukari sokoni kwetu, aliyebandika sumaku chini ya mizani! Miaka miwili alikuwa anatuibia! Mtaa mzima tunakuombea heri!"

Hili Shemeji hakulipanga. Nilimwona macho yanavyomng'aa, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaangalia kushoto na kulia.

"Na wewe unalitaka hili?" mkunga akaniuliza.

Nafasi ilikuwepo. Nataka niliseme wazi ili nisije nikajitetea huko mbele. Nilihitaji maneno manne tu: dada, ondoka hapa sasa.

"Ni gari zuri," nikasema.

"Umelikagua?"

"Nimelikagua."

"Sasa mimi nimtafute fundi gani tena?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa na joto. "Kaka yangu, nakuomba kitu kimoja. Niachie. Kuna wazazi wanajifungulia sakafuni kwa kuwa mimi nachelewa kufika kwa miguu. Mwezi huu nimempoteza mmoja. Wewe utapata jingine, niachie mimi hili."

Aliniomba nimwachie. Alinibembeleza.

Nikamwachia.

Walipokuwa wanaandika mkataba, Shemeji akanipungia. "Shemeji, tunahitaji shahidi. Saini hapa tu." Nikasaini. Kalamu ilikuwa ile ile niliyosainia la kwangu, ina kamba na imefungwa mezani isiibiwe.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nyuma ya ofisi. Kulikuwa na mtu pale anakunywa maji. Alikuwa na kofia nyekundu gotini.

"Umefanya vizuri," akasema bila kunitazama. "Mimi siku ya kwanza nilitetemeka, bahasha ikaanguka."

Niliinua ngumi. Kweli niliinua. Yeye akaiangalia tu.

"Langu lilikuwa la kijani," akasema. "Gia. Nilikuja hapa kupiga kelele kama wewe. Nililia kama wewe. Zulia lile lile."

Ngumi ikashuka yenyewe.

"Walikwambia mara ngapi?"

"Tatu."

"Na umefanya ngapi?"

Alivaa kofia yake, akaivuta mpaka machoni.

"Wewe ulikuwa wa kumi na tisa."

"Kwa nini huondoki?"

"Umesaini ushahidi?"

"Sasa hivi."

"Basi utajua. Ukifika ya tatu, Madamu anakuwekea mezani mikataba yote yenye saini yako. Anakuuliza, hapa tapeli ni nani? Jina lake halimo. La Shemeji halimo. Lako limo kila mahali." Akanyanyuka. "Na wewe una jina kubwa kuliko langu. Wewe hawatakuachia kabisa."

Nilikuwa bado nalitafuna hilo simu ikalia. Mke wangu.

"Uko wapi?" Sauti yake ilikuwa juu, nyembamba. "Nimepiga ofisini wanasema unaumwa. Unaumwa wapi? Mama hapumui vizuri. Akilala anasema anazama. Midomo imebadilika rangi."

"Ita teksi!"

"Nimeita tatu! Njoo na gari! Ulisema gari linatoka!"

Nilikimbia. Sikujua nakimbilia wapi, nilikimbilia getini kwa kuwa geti lilikuwa wazi. Dogo la bluu lilikuwa pale, linanguruma, mkunga anarekebisha kioo chake kwa fahari.

"Kaka, mbona hivyo?"

"Mama mkwe. Figo. Hapumui."

"Panda."

"Hapana, dada, wewe nenda, mimi nita..."

"Panda, mwanaume! Utakimbia na mgonjwa mgongoni?"

Nikapanda. Ndiyo. Nililiangalia lile gari, nikajua limetoka mikononi mwa nani, nikafungua mlango nikapanda.

Tulifika nyumbani haraka. Mkunga hakungoja kuonyeshwa njia, aliingia chumbani, akamkalisha mama mkwe wima, akafungua vifungo vya shingoni. "Asilale. Abaki amekaa hivi. Mbebeni na kiti." Tulimbeba na kiti chake mpaka nje, tukamwingiza nyuma, mke wangu akamkumbatia kwa ubavuni. Mimi nikakaa mbele.

Tulipogeuka kwenda barabara kuu, mkunga akasema, kama kumtuliza mke wangu, "Mshukuru mumeo. Leo hii gari hili alilitaka yeye. Akaniachia."

Mke wangu akainamisha kichwa mbele, kati ya viti.

"Alilitaka kwa pesa gani?" mke wangu akauliza.

Sikugeuka nyuma. Nilisikia pumzi za mama mkwe, fupi fupi, zenye maji ndani yake. Kisha nikasikia sauti yake, neno moja kwa kila pumzi.

"Mwacheni. Mwanangu. Ana. Moyo. Mzuri."

Hospitali iko chini ya mteremko. Lango lake unaanza kuliona pale juu kabisa, mita mia nne hivi, na barabara inashuka moja kwa moja. Gari likaanza kuchukua kasi.

"Dada," nikasema. "Punguza mwendo."

"Tunawahi, kaka."

"Punguza. Simama kabisa. Hili gari si zima."

"Si umelikagua?"

"Sikulikagua." Nilisikia sauti yangu ikisema, na sikuweza tena kuizuia. "Sikulitaka. Nina karatasi kwenye bahasha, si pesa. Waliniweka pale nikudanganye na nimekudanganya. Na la kwetu lilikuwa hivyo hivyo, mke wangu. Kiinua mgongo cha mama kimekwisha. Hakuna kifaa. Hakuna gari."

Mke wangu hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyechomwa na sindano.

Mkunga alinitazama. Uso ule uliofunguka pale yadi ulijifunga polepole mbele ya macho yangu. Hakunitukana. Aliwasha taa ya kuonyesha anakwenda pembeni, akaweka mguu kwenye breki.

Niliona goti lake likishuka. Likashuka mpaka mwisho. Akaliinua, akakanyaga tena, akakanyaga mara ya tatu kwa nguvu zake zote, na gari halikujali.

Nikaivuta breki ya mkono. Ikaja yote juu, nyepesi, kama imefungwa kwa uzi.

Kule chini, mbele ya lango la hospitali, taa zikageuka nyekundu na watu wakaanza kuvuka.